Habari za Mirihi

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili asiyependa waoga aendelee na shughuli zake. Nilizaliwa Garissa, katika bula, yaani mtaa, iliyokuwa na nyumba za mabati upande mmoja na vibanda vya mikeka upande wa pili, na kabla sijajua kusoma nilikuwa nimeshajua kunyamaza gari la askari likipita, na kutomtajia mgeni jina la baba. Kuna watu wanaoukumbuka utoto wao kwa harufu ya mandazi. Mimi naukumbuka kwa mngurumo wa lori. Mpaka leo, katika mji ambao hauna ugomvi na mtu, lori likipunguza mwendo karibu na dirisha langu mimi huacha ninachofanya nikasikiliza kama litasimama.

Hofu ya nyumbani kwetu ilikuwa na sababu moja, nayo ilikuwa ndogo kiasi cha kuenea mdomoni mwa mbuzi. Na iliingia huko. Mwanzoni mwa miaka ya tisini watu wa jamii yetu, wasemao Kisomali, tulitakiwa kuwa na kadi mbili. Moja ni kitambulisho, kama cha Mkenya yeyote. Nyingine ni kadi ya ukaguzi, ya rangi ya waridi, ya kuonyesha kwamba hatukuvuka mpaka juzi. Baba alikuwa nazo zote. Adhuhuri moja alivua shati ili atawadhe, akalitundika kwenye ua, na mbuzi wa nyanya akaja kutafuta chumvi ya jasho mfukoni. Kilichobaki cha kadi ya waridi ni pembe moja yenye nusu ya mhuri.

Baba alikuwa mtu wa kucheka, na siku ile alicheka. Alikwenda ofisini akaeleza, nao wakacheka, ila kicheko chao hakikuwa kama chake. Mbuzi amekula kadi? Kila mtu asiye na kadi alikuwa na hadithi yake, walimwambia, lakini hiyo ya mbuzi ni kali. Aliambiwa arudi, akarudi, akaambiwa arudi tena. Kitambulisho peke yake kwa mtu wa sura yetu kilikuwa kama ndoo isiyo na kamba: unayo, na maji huyapati. Wasiokuwa na kadi ya waridi walipakiwa kwenye lori, wakapelekwa Liboi, wakasukumwa ng'ambo ya mpaka, ndani ya nchi iliyokuwa ikiungua. Baba hakuwahi kukanyaga nchi ile. Alizaliwa kando ya mto Tana, na babake pia.

Basi akaanza kuishi kwa vichochoro. Nyumbani, msikitini, soko la mifugo, tena nyumbani. Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi, na kila alipochelewa tumbo lilinikata, nikajifanya naumwa na minyoo ili mama asijue kwamba naogopa. Mama alinipa dawa za minyoo, nikazimeza zote.

Ndipo dada yangu akarudi likizo kutoka shule ya bweni, akaleta Mirihi.

Ilikuja ndani ya kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada. Alikipata kwa muuza karanga kwenye kituo cha basi, aliyekuwa akikichana karatasi moja moja akifungia wateja. Dada alipofungua karanga zake akasoma nusu ya ukurasa, akarudi mbio kukinunua kilichobaki. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeshaliwa na watu pamoja na karanga. Kwa hiyo kitabu chetu kilianzia katikati, mtu fulani akiwa tayari amesimama juu ya mchanga mwekundu, haelewi amefikaje.

Mtu huyo alikuwa mchimba visima. Alisinzia ndani ya chombo cha chuma, akaamkia kwenye sayari ya Mirihi. Nchi yote huko ilikuwa nyekundu, na bahari zake zilikauka zamani, mashua zikabaki zimelala ubavu juu ya chumvi. Maji yalitoka mbali, kwenye barafu ya ncha za dunia ile, yakaletwa na mifereji mirefu isiyo na mwisho. Wenyeji walikuwa watu wa rangi ya udongo, wapole, waliobaki wachache. Na mifereji ilikuwa mikononi mwa watu wa kijani: warefu, wakimya, macho yao hayana kope, wamepanda kenge wakubwa kama ngamia. Hao watu wa kijani walikagua viganja vya wenyeji kila asubuhi, na asiyekuwa na alama ya mfereji kiganjani alipelekwa kwenye bahari kavu, akaachwa.

Dada aliposoma hapo mama aliacha kusuka mkeka. Alitazama mlango wa ua, kisha akaokota ukindu wake akaendelea.

Nisisahau kusema jinsi tulivyosoma. Ilikuwa baada ya swala ya alasiri, jua likianza kulegea, wanawake wa nyumbani tumekaa uani tukisuka mikeka ya kuezekea. Dada aliisoma sentensi kwa macho, akaitoa mdomoni kwa Kisomali. Nyanya, mama wa baba, tuliyemwita Ayeeyo, alikuwa msikilizaji mgumu. Alitaka kujua hiyo Maars, yaani Mirihi, iko upande gani wa mji wa Banissa. Alitaka kujua malisho yake, na ukoo wa wale watu wa udongo, na nani aliyewaonyesha watu wa kijani njia, kwa sababu mgeni hawezi kukuta kisima peke yake, lazima kuna mtoto wa nyumbani aliyempeleka. Dada alisema hayo hayamo kitabuni. Ayeeyo akasema basi mwandishi ni mtu wa mjini.

Lakini ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya mlango. Kwetu maneno ni ya aina mbili, hadithi na habari, na haziingii kwa njia moja. Habari ni kitu kizito. Mgeni akifika hupewa maziwa, anapumzika, kisha anaulizwa: mvua, malisho, amani. Anayojibu lazima yawe kweli, kwa maana watu watahamisha mifugo na watoto kwa kuyafuata. Hadithi, nayo, ina mlango wake. Msimulizi husema kwanza, "Sheeko sheeko," na wasikilizaji huitika, "Sheeko xariir," yaani hadithi ya hariri. Hiyo x yetu ni ile h nzito ya kooni. Ukishaitika umekubali kudanganywa kwa raha yako, hata ukiambiwa fisi ameoa. Maneno yasiyopitia mlango huo ni habari.

Kitabu cha dada hakikuwa na mlango. Siku ya kwanza Ayeeyo alimkatiza kabla hajamaliza sentensi moja. Dada akasema kwamba vitabu haviitikiwi. Ayeeyo akasema hata kama kimetoka Nairobi kitaitikiwa, akamfungulia yeye mwenyewe, sisi tukaitika, na kila siku ikawa hivyo. Baba alipokuwepo aliitika akiwa chumbani, amelala chali, na kila mara alichelewa. Sisi tumeshamaliza, yeye ndiyo anaanza, anaivuta ile "xariiir" mpaka mama acheke. Ilikuwa utani wake na mama. Nadhani ndiyo sababu alipenda hadithi, kwa sababu ya ule mlango tu.

Alasiri moja Ayeeyo alikwenda matangani mtaa wa pili. Tulikaa bila yeye, na dada, aliyekuwa ameachia mahali pa kusisimua siku iliyotangulia, akafungua ukurasa akaanza papo hapo. Hakuna aliyefungua mlango, wala aliyekumbuka kwamba kuna mlango. Alikuwa msomaji mzuri, dada yangu. Sauti yake ilishuka, ikatetemeka penye kutetemeka. "Wale wa kijani wameuzunguka mji," akasoma. "Alfajiri watawakusanya wanaume wote, wawapeleke kwenye bahari kavu, na huko hakuna maji wala kivuli."

Nje ya ua, upande wa miiba, alikuwa amesimama mama muuza maziwa ya ngamia. Alikuja kila siku wakati huo na mtungi wake wa plastiki, akasubiri mama atoe sufuria. Siku hiyo hakusubiri. Mama alipotoka na sufuria alikuta njia tupu na alama za ndala, akashangaa, akasema labda maziwa yamekwisha.

Yule mama hakuwa mmbea. Nataka hilo lieleweke, maana baadaye watu walimsema vibaya. Alikuwa mwanamke aliyesikia habari. Msichana wa shule, msomi, anayesoma karatasi ya Kiingereza kwa sauti ya kutetemeka, uani kwa mtu ambaye kila mmoja alijua hana kadi. Wakubwa wa mji wetu walikuwa na kumbukumbu yao ya kukusanywa na askari mahali peupe penye jua, hawaisemi mbele ya watoto, lakini kulikuwa na wazee ambao hawakuvua shati hata wakati wa joto la kuchemsha ubongo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama yule aliyabeba maneno pamoja na maziwa, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba iliongeza kidogo.

Kabla ya magharibi yalirudi kwetu, na hatukuyatambua, maana yalikuwa yamebadilisha nguo. Baba aliingia akitoka msikitini, hakuvua hata viatu. Alisema wanakuja alfajiri. Kikosi kipya, magwanda ya kijani, kimetoka mbali, watu warefu ajabu. Mji umeshazungukwa upande wa daraja. Wataanza na bula yetu. Na inasemekana hao hawalali kabisa.

Mama aliuliza ni nani aliyesema. Baba akajibu kwamba kila mtu anasema. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na mtu asiye na kadi hangojei kuona ni lipi kati ya hayo mawili. Alichukua fimbo, chupa ya maji na shuka. Alinishika kichwa. Wanaume wengi wa bula walikuwa tayari wanatoka kwa nyuma, mmoja mmoja, kuelekea porini. Nilitaka kumshika mguu nikaona haya. Hilo nimelifikiria zaidi ya mambo mengi makubwa yaliyonipata baadaye.

Ayeeyo alirudi kutoka matangani akakuta nyumba haina mwanamume. Mama akamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja.

"Hao wasiolala, hawalali kwa nini?"

Dada, aliyekuwa akipuliza jiko, aliinua uso, na niliona umesawijika. Akasema kwa sauti ndogo, "Hawana kope."

Hakuna aliyemkemea. Ingekuwa nafuu wangemkemea. Ayeeyo alikaa chini palepale mlangoni, mama akajifunika uso kwa mtandio, na dada akawa anarudia kwamba hakujua, hakujua, alikuwa anasoma tu. Nje kulikuwa kimya, bula nzima bila kikohozi cha mwanamume. Nilijilaza karibu na mbuzi yule mla kadi kwa sababu alikuwa na joto. Nilikuwa nimeielewa hali yetu kwa akili yangu ya miaka tisa: Mirihi haikuwa mbali tena, ilikuwa imeingia Garissa, na baba alikuwa ameifuata kwa miguu yake.

Alfajiri ilifika na hakuja mtu. Jogoo, adhana, punda wa maji, kila kitu kama jana. Jua lilipopanda wanaume walianza kurejea, wanajifuta vumbi, wengine wanacheka kicheko cha aibu na kusema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Baba hakuwemo. Tulisimama mlangoni, na kila aliyepita tulimtazama miguu kwanza, maana mtu humtambua wake kwa mwendo kabla ya sura.

Aliyetuletea habari, na safari hii ilikuwa habari kweli, alikuwa jirani yetu mchinjaji, mdomo umevimba. Doria iliyokuwa ikirudi kutoka upande wa Liboi ilikuta nyayo za wanaume wengi zikielekea porini. Kwa askari, wanaume wanaokimbilia porini bila mifugo ni majambazi. Waliwakuta kwenye korongo la mto mkavu. Wenye kadi za waridi walipigwa makofi wakaachwa. Wasio nazo walitiwa kwenye lori. Afande alimuuliza baba kwa nini alikimbia, na baba, kwa Kiswahili chake cha sokoni, akajibu kweli tupu. Alisikia watu wa kijani wanakuja.

Afande alijitazama magwanda yake ya kijani, mchinjaji alisema, na hapo mambo yakaharibika.

Tulikwenda kambini asubuhi ileile: Ayeeyo, mama, dada na kitabu chake, na mimi, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuniachia. Tulipita kwa naibu wa chifu tukamwomba atusindikize. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, wa ukoo wetu kwa mbali. Njiani alikohoa sana, na nilijua kile kikohozi. Kilikuwa ndugu wa minyoo yangu.

Kambi ilikuwa nje ya mji, kwenye uwanda mweupe usio na mti. Ulikuwa kama vile dada alivyosoma: chumvi imetoka juu ya udongo, na upepo hauna cha kushika. Palikuwa na hema, meza chini ya turubai, na nyuma yake stoo ya mabati iliyofungwa kwa mnyororo. Lori lilikuwa limeegeshwa kando, pua yake imeelekea barabara ya Liboi.

Afande aliyekaa mezani hakuwa na sura mbaya. Hilo lilinitisha zaidi, maana nilitegemea macho yasiyo na kope. Alikuwa kijana aliyechoka, midomo imekauka kwa jua la kwetu. Naibu wa chifu alisalimu, akaeleza kwa Kiswahili cha ofisi. Afande akasema hapa hakuna mtu wa jina hilo. Wote wamekwenda Liboi na lori la kwanza asubuhi. Turudi nyumbani.

Mama hakujua Kiswahili kingi, lakini neno Liboi halina tafsiri, na lilikuwa limetajwa. Alikaa chini kwenye ile chumvi.

Ayeeyo hakukaa. Alisogea mpaka karibu na meza, na askari wa langoni akasogea pia.

"Bwana mkubwa," akasema, "kijana yangu hakukimbia wewe. Alikimbia kitabu."

"Alikimbia nini?"

"Kitabu. Hii hapa. Hii si fita, hii si siasa. Hadithi tu. Watu iliskia nje ya ua, ikafikiri ni habari."

Dada alikiweka mezani kwa mikono miwili. Afande alikifunua, mara hapa, mara pale, mpaka akafika penye picha. Naikumbuka ile picha. Wale warefu, wamepanda kenge zao, mikuki juu, na katikati yao mstari wa watu waliofungwa mikono. Aliwagusa wale warefu kwa kidole. Kisha akamgeuzia dada.

"Hawa ni nani?"

Dada alishika ukingo wa meza.

"Nimekuuliza, msichana. Hawa wa kijani ni akina nani? Soma nisikie."

Alijaribu. Midomo ilifunguka, sauti haikutoka. Naibu wa chifu alianza kusema kwamba ni sayari, afande, iko mbinguni, inaitwa Mirihi, na afande akamwambia anyamaze, hakuulizwa yeye.

"Hawezi soma," akasema Ayeeyo, "kwanza lazima fungua mlango."

"Mlango gani?" Afande aliinuka. Macho yake yalikwenda kwenye ile stoo, na askari wa langoni akashusha bunduki kutoka begani.

Sijui kama Ayeeyo aliona bunduki. Nadhani aliona tu mjukuu wake aliyekwama katikati ya hadithi isiyo na mlango, akafanya alichokifanya kila siku. Alijivuta mtandio, akasema kwa sauti yake ya uani, ile ya kufikia mpaka chumbani.

"Sheeko sheeko."

Na sisi, mama akiwa chini, dada akiwa na machozi, mimi nikiwa nimeshika shuka la Ayeeyo, tuliitika. Hatukuamua. Ni kama amina, hutoka yenyewe.

"Sheeko xariir."

Na kutoka nyuma ya mabati wakaitika wanaume. Sauti nyingi, kavu, zimejazana. Halafu zilipokwisha, ikaja moja peke yake, imechelewa, inavuta: "Xariiir."

Mama aliweka viganja vyote viwili chini, kama mtu anayehisi ardhi inamsogea. "Ni yeye," akasema kwa Kisomali. "Yupo." Akasema tena. Nilianza kulia kwa nguvu, kwa furaha na kwa woga, na sikujua kimoja kinaishia wapi.

Uso wa afande ulikunjamana. Alikuwa amesema wote wamekwenda, na stoo imejibu. Naibu wa chifu, yule mwembamba mwenye kikohozi, akasema taratibu, "Yule wa mwisho, afande, namjua. Nimemjua tangu utoto. Nitaagiza wazee waje wamwekee dhamana, na nitakaa hapa langoni mpaka wafike." Sauti ilimtetemeka mwanzo mpaka mwisho, lakini hakuondoka. Sisi tulifukuzwa. Kitabu kilibaki mezani. Tulipokuwa mbali tulisikia mnyororo ukifunguliwa, na Ayeeyo akasema tusigeuke.

Wazee walikwenda, wakarudi, wakaenda tena. Lori liliondoka na watu, na baba hakuwa miongoni mwao. Alirudi nyumbani kwa mkokoteni wa punda, amefunikwa shuka, na mama alimwosha mwenyewe chumbani, sisi tukiwa tumetolewa nje. Tangu siku hiyo baba naye hakuvua shati mbele ya watu.

Yeye hakusimulia. Aliyesimulia ni mwenzake wa stoo, aliyekuja kumjulia hali. Sisi tulipofukuzwa, askari waliingia wakataka kujua ule ulikuwa wito gani, na wao walijibu nini, na walikuwa wanamjibu nani huko porini. Baba akajaribu kueleza. Alisema si kitu, afande, ni jibu tu, tunasema hadithi ya hariri. Na neno hilo, bahati mbaya, ni moja katika lugha zote mbili. Mabelo ya nguo yalikuwa yakipitishwa Liboi kwa magendo, kila mtu alijua. Hariri gani, wakamuuliza. Iko wapi. Nani ameiweka. Akasema hakuna hariri, ni neno. Mtu gani anaitikia kitu ambacho hakipo, wakasema, na wakaendelea kuuliza kwa siku zote alizokaa mle. Mbuzi amekula kadi, kitabu kimewakimbiza, na sasa hariri ni neno.

Sikujua nilichukie lipi. Lile jibu ndilo lililotuonyesha kwamba yupo, na pasipo hilo lori lingekuwa limempeleka. Na ndilo hilohilo walilompigia. Nilimkasirikia Ayeeyo, kisha nikamkasirikia muuza karanga, kisha afande, na huyo wa mwisho bado.

Likizo ya dada ilikuwa inakwisha. Alasiri moja, siku mbili tatu kabla ya safari yake, baba alijikokota mwenyewe mpaka uani akaketi kwenye mkeka pamoja nasi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi. Ukindu ulikuwa umelowekwa, chai ya hiliki ilikuwa jikoni, na mbuzi alikuwa amefungwa mbali na nguo. Baba alimwambia dada amalizie ya yule mchimba visima. Alitaka kujua kama alirudi kwao.

Dada akasema kitabu kimebaki kule, lakini anaikumbuka, na pasipokumbukwa atatunga. Mama alitabasamu. Nilimwona akipanga mgongo wake ukutani kama zamani, tayari kumcheka mumewe kwa kuchelewa.

"Fungua mlango kwanza," Ayeeyo akasema.

Safari hii dada hakubisha. "Sheeko sheeko," akasema.

Tuliitika sisi watatu, kisha tukamngojea. Baba alikuwa ameangalia miiba ya ua, pale aliposimama mama wa maziwa. Mikono yake ilikuwa imepanda yenyewe, ikakaa juu ya kichwa, vidole vimefumana. Kisha akajibu, kwa Kiswahili, taratibu, kwa adabu.

"Sina hariri, afande."